Shusha Tanga, Pandisha Tanga: Ushairi Mbele ya Mfarakano wa Chama

Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ilitoa hukumu iliyomtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa Chama cha Wananchi, CUF. Siku hiyo hiyo Maalim Seif Sharif Hamad na wenziwe walitangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Haikupita muda matawi ya Unguja na Pemba yakaanza kubadilishwa rangi, bendera zikateremshwa na nyingine zikapandishwa, na maneno manne yakawa vinywani mwa watu: shusha tanga, pandisha tanga. Wanasiasa wamesema mengi juu ya tukio hilo. Wapenzi wa ushairi wamesema machache, na hilo ni ajabu kidogo, kwani maneno yale manne yalikuwa kazi ya ushairi kabla ya kuwa kazi ya siasa, na yana jambo la kufunza juu ya namna Kiswahili kinavyouona ugomvi wa watu wa chama kimoja.

Na yasikilizwe kwanza kwa sikio. Vitenzi ni viwili na vyote vinaishia kwa sauti moja. Jina ni moja na limerudiwa, kwa hivyo kina kimejileta chenyewe. Mizani ni tisa, moja zaidi ya kipande cha shairi la kawaida, na mizani hiyo iliyozidi imo upande wa pili: kushusha kumepewa nne, kupandisha kumepewa tano. Iwe imekusudiwa au imejitokea, sikio hulipata jambo hilo: hasara imetajwa kwa haraka, na tumaini limepewa nafasi ya kuvutwa. Khalafu, hapana mtenda. Ni amri, lakini haisemi nani anaamrisha, wala haimtaji adui. Hamna msaliti, hamna mahakama, hamna msajili wa vyama. Baharia anayeamrishwa kushusha tanga hapati wasaa wa kuuliza makosa ni ya nani. Mikono yake ina kazi.

Ufundi mkubwa zaidi lakini umo katika istiara. Katika ushairi wa siasa wa mwambao, na katika hotuba zinazouiga, chama ni chombo. Wanachama ni mabaharia au abiria, kiongozi ni nahodha, ushindi ni bandari, na anayeondoka ni yule aliyetoboa ngama ili wenziwe wazame. Istiara hiyo ikichukuliwa kama ilivyo, watu wa Maalim Seif walikuwa katika hali mbaya sana siku ile: kisheria chombo kilikuwa cha mwengine, na wao ndio waliojitupa baharini. Maneno manne yaliipindua istiara bila ya kuivunja. Chama si chombo tena. Chama ni tanga. Na tanga ni kitambaa. Likijaa upepo hufaa, likichanika hushonwa au hubadilishwa, na hakuna baharia aliyekula yamini kwa ajili ya tanga. Chombo ni kitu chengine, kiko chini yake, na hukumu ya mahakama haikukigusa. Kwa watu waliokaa chini ya bendera moja tangu 1992, na wengine wao kufungwa na hata kuuawa kwa ajili yake, kuambiwa kwamba bendera ile ilikuwa kitambaa tu si jambo dogo. Wengi walilikubali, na sababu moja ni kwamba walielezwa kwa lugha ya kazi wanayoijua, si kwa lugha ya vifungu vya katiba.

Ili thamani ya mageuzi hayo ionekane, hapana budi itazamwe istiara ya zamani na kile ilichokikosa. Methali inasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hukumu imeshatolewa kabla ya kesi kusikilizwa: wingi wa rai ndio maradhi, na dawa yake ni nahodha mmoja. Mshairi anayeanza na chombo hana tena pa kuwaweka watu wawili wenye rai mbili na wote wawili wenye nia njema. Mmoja atakuwa nahodha na wa pili atakuwa mwasi. Na akishakuwa mwasi huvuliwa utu akavishwa ngozi ya mnyama. Huwa kinyonga kwa kuwa amebadili rangi, au popo kwa kuwa hajulikani kama ni ndege au la. Beti za namna hiyo zimetungwa na pande zote na kwa vyama vyote, na likifutwa jina la chama juu ya shairi msomaji hawezi kujua ni la nani. Hiyo ni dalili mbaya. Shairi la ugomvi ambalo hasimu anaweza kulitumia bila ya kubadilisha neno halikuuona ugomvi wenyewe. Limeona mtu amekasirika, basi.

Zama za chama kimoja zilikaza mtindo huo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera, na kwa juhudi za UKUTA, jumuiya ya usanifu wa Kiswahili na ushairi, ikaenea maskulini na mikutanoni. Kwa umbo lake ngonjera ilikuwa ndiyo chombo khasa kilichohitajiwa na nchi yenye chama kimoja na rai nyingi, kwani ni majadiliano, watu wawili au zaidi wakishindana kwa zamu. Lakini hasimu wa ngonjera, mara nyingi, ameumbwa ashindwe. Huingia akiwa mjinga, au mvivu, au mwenye kasumba. Huuliza maswali ambayo mwenziwe ana majibu yake tayari. Na beti za mwisho humkuta akishukuru kwa kuelimishwa. Mtoto wa skuli aliyepangiwa kuigiza upande wa mjinga alijua tangu mazoezini kwamba hatakiwi kuwa na hoja nzuri. Umoja huo ulipatikana kwa kumnyima mmoja ulimi, na haukuwasaidia watu ambao, vyama vingi viliporudi 1992, walitakiwa wakae chumba kimoja na kukhitilafiana kwa hoja.

Visiwa hivi vilikuwa na sababu kubwa ya kujifunza hilo mapema, maana vyama vyake vikubwa vya kabla ya uhuru viliguswa vyote na kuungana au kumeguka. Afro-Shirazi ilitokana na African Association na Shirazi Association mwaka 1957. Mwaka 1959 Muhammad Shamte na wenziwe wakatoka humo wakaunda ZPPP. Hizbu, iliyoanzishwa 1955, ilimpoteza Abdulrahman Babu mwaka 1963 alipokwenda kuunda Umma Party. Mfano mchungu kuliko yote ni wa Januari 1961. Katika uchaguzi huo ASP ilipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP vitatu. Wale watatu walikuwa wamekamata mizani ya nchi nzima mikononi mwao, na hawakuweza kukubaliana: wawili wakaenda upande wa Hizbu, mmoja upande wa ASP, na Baraza likawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na katika fujo zilizouandama wakafa watu 68.

Chama cha wawakilishi watatu kilimeguka, na kwenye ufa huo likapita balaa. Mshairi angeliomba mfano gani ulio wazi zaidi? Watu watatu, kila mmoja na wapigakura wake wanaomngojea nyumbani, kila mmoja na deni la zamani kwa upande huu au ule. Ni mchezo mzima wa kuigiza, na mwenye kipaji angeutoshea katika beti thelathini. Lakini kumbukumbu ya siasa za miaka ile imehifadhi zaidi vijembe vya chama kwa chama, vya wakati ambapo watu walisusiana maduka na hata maziko. Yaliyopita ndani ya chama, baina ya watu waliokuwa wakiitana ndugu hadi juzi, yaliachiwa wanahistoria, nao wakayaandika kwa idadi ya viti.

Si kwamba mwambao haukuwa na mfano wa kufuata. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika zama za vita vya Shela ambavyo wengine huviita Kuduhu, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu, miongoni mwao Bwana Zahidi Mngumi, walikuwa wakirushiana mashairi. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walizikusanya tungo za vita hivyo katika kitabu kilichochapishwa 1995, na msomaji wa siasa za leo angefaidika kukirejea. Hao hawakuwa watu wa chama kimoja, walikuwa watu wa miji miwili inayopigana, na maneno yao hayakuwa matamu. Lakini desturi ya kujibizana ina sharti moja ambalo siasa ya jukwaani haina: huwezi kulijibu shairi usilolisikiliza. Mjibu hulazimika kuyachukua maneno ya hasimu, kuyageuza, kuyarudisha. Na kwa kufanya hivyo hukiri kwamba hasimu ana jina, ana akili na atajibu tena kesho. Vilabu vya taarab vya wanawake wa mjini Unguja, kama Sahib el-Ari na Nur el-Uyun, viliijua kanuni hiyo kuliko vyama. Klabu moja ikitoa wimbo wa kijembe, ya pili haikwenda mahakamani. Ilikwenda kutafuta mtunzi.

Mshairi wa zama zetu aliyeyafahamu hayo, tena akiwa ndani ya siasa za vyama, ni Abdilatif Abdalla. Inafaa ikumbukwe kwamba yeye alikuwa mtu wa chama kilichomeguka. KANU ya Kenya huru iligombana yenyewe kwa yenyewe, juu ya ardhi na juu ya nani awe karibu na kiti. Katika mkutano wa Limuru wa Machi 1966 Oginga Odinga alivuliwa cheo chake chamani, mwezi uliofuata akajiuzulu umakamu wa rais, na kundi lake likaunda KPU. Abdilatif, kijana wa Mombasa, akawa upande huo. Waraka wake wa 1968, Kenya: Twendapi?, ulimpeleka kifungoni: miezi 18 kwanza, kisha miaka mitatu baada ya serikali kukata rufani. KPU yenyewe ilipigwa marufuku Oktoba 1969 naye akiwa ndani. Mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni, yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Kejeli hiyo haihitaji maelezo.

Mtu aliyepita njia hiyo angesameheka lau angeandika beti za kinyonga na popo. Lakini ndani ya diwani limo shairi la “Mnazi: Vuta N’kuvute”, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi, na kila mmoja anapewa zamu yake ya kusema. Wahakiki wamezoea kulisoma kama fumbo la nchi, na usomaji huo una haki. Mwenye kuikumbuka KANU ya 1966, hata hivyo, anaweza kulisoma pia kama fumbo la chama: urithi mmoja, nduguze wawili, na kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye aliyeonewa.

Kuchagua mnazi badala ya chombo ndiko kunakobadilisha kila kitu. Chombo kinahitaji nahodha mmoja, na haja hiyo ni ya kweli. Dhoruba haingoji kura. Mnazi hauna nahodha. Una mizizi, una mazao, na kwa desturi ya pwani unaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi uliposimama, jambo ambalo kila mtu wa visiwani analijua kutokana na kesi za mirathi. Kwa hivyo swali linaloulizwa si nani mwasi bali nani ana haki gani, na kwa hoja ipi. Tena ugomvi wa mnazi hauna bahari ya kumtupia mshindwa. Akishindwa leo, kesho yuko pale pale, anaazima mchi kwa nduguye. Methali ya ndugu wakigombana chukua jembe ukalime inamwambia jirani asiingie kati, na ni shauri jema kwa jirani. Msomaji wa shairi anatakiwa abaki asikilize.

Kwa kipimo hicho, maneno manne ya 2019 yanastahiki daraja ya juu kwa ufundi, na daraja ya chini kidogo kwa yale yaliyoyanyamazia. Nani mwenye haki baina ya pande mbili za CUF si kazi ya uhakiki kuamua. Kazi yake ni kutazama istiara imeficha nini. CUF ilizaliwa 1992 kwa kuungana KAMAHURU ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha Tanzania Bara. Ilikuwa nguo ya vipande viwili. Lipumba alipojiuzulu uenyekiti Agosti 2015, akipinga Edward Lowassa kuwa mgombea urais wa ushirika wa upinzani, khalafu 2016 akataka kurejea, nguo ilianza kufumuka penye mshono. Baraza Kuu lililokutana Zanzibar likamsimamisha. Msajili wa vyama akamtambua. Julai 2017 upande wake ukawafukuza wabunge wanane wa viti maalumu. Miaka yote hiyo kila upande ulikuwa umeshika katiba ile ile na kusoma kifungu chake.

Ugomvi huo ulikuwa na maswali mazito. Je, aliyejiuzulu anaweza kujirudisha? Je, chama ni cha wengi wa wanachama, au cha anayetambuliwa na ofisi ya serikali? Na lile gumu kuliko yote, ambalo watu hupendelea kulisema pembeni: je, CUF ya Visiwani na CUF ya Bara zilikuwa chama kimoja kwa kiasi gani? Tanga linaruka juu ya maswali hayo yote kwa ustadi wa baharia. Likiwa chama ni tanga na chombo ni kitu chengine, basi chombo ni nini? Wasikilizaji wa Unguja na Pemba hawakuhitaji kuelezwa, waliisikia Zanzibar. Mwanachama wa Mtwara, au wa Lindi, au wa Tanga yenyewe, mji ambao 2015 ulimchagua mbunge wa CUF, alikuwa na haki ya kuuliza kama yeye alikuwamo chomboni au alikuwa sehemu ya kitambaa.

Na nahodha? Hakutajwa katika maneno yale, lakini hakuna aliyeyasikia bila ya kumwona. Hapo ndipo istiara mpya ilipobaki na ugonjwa wa ile ya kale. Tanga liliweza kubadilishwa kwa siku moja kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameshika usukani na watu walimwamini yeye kuliko karatasi. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar tangu Desemba 2020. Marthiya zilikuwa na kazi nyepesi: nahodha, chombo, wimbi. Huzuni ilikuwa ya kweli na maneno yalikuwa yameshatayarishwa tangu zamani. Lakini mabaharia waliobaki, ambao sasa ilikuwa zamu yao kukhitilafiana bila ya yeye kuwaamulia, hawakupata kwa washairi lugha ya kufanyia hivyo. Walipata chombo kile kile, na nafasi iliyo wazi penye usukani.

Lipo shairi linalongojea mtunzi, na halihitaji bahari. Achukuliwe mzee mmoja wa tawi aliyekataa kuhama 2019. Asiwe mpumbavu, asiwe amenunuliwa, wala asiwe na mapenzi makubwa na Lipumba. Sababu yake iwe kwamba mwanawe aliuawa katika maandamano ya Januari 2001 akiwa na bendera ile mkononi, na kwake yeye haikuwa kitambaa. Nje ya mlango wa tawi awekwe nduguye wa tumbo moja, aliyefika asubuhi hiyo na kopo la rangi ya zambarau na brashi mbili, moja yake na moja ya kumpa kaka. Kadhi asiwepo, wala mwalimu wa kuja beti za mwisho kumshukuru aliyeshinda. Beti ya kwanza apewe mzee.